UZI: Ukilipia wimbo, unanunua nini hasa? Historia fupi ya kufuli kwenye muziki wa dijitali

1. Kila msimu wa kampeni, zamu ya kuzungumzia vijana na sanaa ikifika, kuna ahadi moja isiyokosa jukwaani: "Tutalinda kazi za wasanii wetu." Watu wanapiga makofi, mjadala unahamia bei ya unga. Hakuna anayeuliza: mtailinda vipi, na gharama ya ulinzi huo ataibeba nani? Leo tuulize. Sheria za hapa mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ni hoja tu.

2. Mfano wangu unatoka Marekani na Ulaya, hasa kati ya 1998 na 2009. Nimeuchagua kwa sababu huko jaribio la kulinda muziki kwa kufuli lilifanywa kwa nguvu zote, na tukaona mwisho wake. Na tafadhali shika hili tangu mwanzo: kufuli lenyewe halikufungwa kwenye nyimbo za wizi. Lilifungwa kwenye nyimbo ambazo watu walikuwa wamezilipia.

3. Tuanzie nyuma kidogo. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 hazikuwa na kufuli lolote. Ukinunua, unaweza kunakili kwenye kaseti ya gari, unaweza kumwazima jirani, unaweza kuiuza. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mtu kurekodi kipindi cha TV nyumbani ili akitazame baadaye si kosa. Kampuni za filamu zilikuwa zimeishtaki Sony kwa sababu ya mashine ya Betamax. Zikashindwa.

4. Mwaka 1992 Marekani ilipitisha sheria ya kurekodi nyumbani. Ilikuwa ni mapatano. Mashine za kurekodi za dijitali ziwekewe kizuizi: unaweza kunakili kutoka kwa nakala ya asili, lakini huwezi kunakili nakala ya nakala. Mashine na kanda tupu zitozwe ada, ada iende kwa wenye haki. Na mwananchi anayejirekodia nyumbani bila biashara asishtakiwe. Kila upande ulipata kitu. Ila kompyuta haikuwa ndani ya mapatano hayo, na kompyuta ndiyo iliyokuwa inakuja.

5. Ikaja sheria ya Oktoba 1998, ile inayoitwa DMCA. Hapa wanafunzi wa siasa tunafaa kusimama kidogo. Kabla yake, kosa lilikuwa kukiuka hakimiliki. Baada yake, kuvunja kufuli kukawa kosa la peke yake, na kutengeneza au kusambaza kifaa cha kulivunja pia kosa. Soma vizuri: bunge halikuandika kufuli lifunge nini. Hilo liliachiwa kampuni. Kampuni ikiandika kwenye programu yake kwamba utasikiliza kwa mashine 3 tu, dola inasimama nyuma ya hiyo 3. Hakuna mbunge aliyewahi kuipigia kura.

6. Mwaka 1999 Napster ikafungua milango na mamilioni ya watu wakaanza kubadilishana nyimbo bure. Mgala muue na haki yake mpe: kampuni za kurekodi zilikuwa na sababu ya kuogopa. Zilienda kortini, na Julai 2001 Napster ikazimwa. Lakini watu walishaonja. Swali likawa: tutawauziaje nyimbo kwenye intaneti bila kila mteja kugeuka kituo cha kusambaza?

7. Jibu lililoshika soko lilitoka Apple. Tarehe 28 Aprili 2003 walifungua duka la iTunes likiwa na nyimbo 200,000, kila moja senti 99 za dola. Kampuni kubwa za kurekodi zilikubali kwa sharti moja: kila wimbo uwe na kufuli. Kufuli hilo likaitwa FairPlay.

8. Lilifanya kazi hivi. Faili ya wimbo inavurugwa kimahesabu, na ufunguo wa kuirudisha sawa unafungwa kwenye akaunti yako. Kila kompyuta unayotaka kusikilizia lazima ipate idhini ya seva ya Apple. Mwanzoni zilikuwa kompyuta 3. Mwaka 2004 zikawa 5. Orodha ileile ya nyimbo uliweza kuichoma kwenye CD mara 10; mwaka 2004 ikapunguzwa ikawa 7. Umeona? Masharti yalibadilika baada ya watu kununua. Sijui ni bidhaa gani nyingine ya dukani, tuseme sufuria, ambayo muuzaji anaweza kuibadilishia masharti ikiwa tayari jikoni kwako.

9. Na wimbo wa iTunes haukuimba kwenye kicheza muziki cha kampuni nyingine, isipokuwa iPod. Microsoft nao walikuwa na kufuli lao, na nyimbo zake hazikuimba kwenye iPod. Mwishoni mwa 2006 Microsoft wakatoa kifaa chao wenyewe, Zune, na hicho nacho hakikucheza nyimbo zilizonunuliwa chini ya mfumo wao wa awali, ule ambao jina lake lilikuwa ahadi kwamba wimbo utacheza kwa hakika. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mteja mwaminifu alifungiwa nje na muuzaji yuleyule.

10. Je, kufuli lilizuia uharamia? Hapana, na sababu ni rahisi. Kampuni zile zile ziliendelea kuuza CD zisizo na kufuli. Mkuu wa Apple, Steve Jobs, aliandika Februari 2007 kwamba mwaka 2006 maduka ya mtandaoni yaliuza chini ya nyimbo bilioni 2 zenye kufuli, huku kampuni za kurekodi zenyewe zikiuza zaidi ya bilioni 20 bila kufuli kupitia CD. Ni kama kufunga dirisha kwa nondo huku mlango uko wazi. Mtu mmoja akinakili CD moja na kuiweka mtandaoni, mchezo umeisha.

11. Sony BMG walijaribu kufunga na huo mlango. Oktoba 2005 mtaalamu wa kompyuta, Mark Russinovich, alitangaza kwamba CD halali aliyoinunua ilikuwa imeingiza programu ya siri ndani ya kompyuta yake. Programu hiyo ilijificha kwa mbinu za wadukuzi: faili yoyote yenye jina linaloanza na alama fulani ilitoweka machoni pa mwenye kompyuta. Haikuchukua muda, waandishi wa virusi wakaanza kutumia pazia lilelile kujificha. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ilikuwa na risiti.

12. Fikiria mantiki yake. Aliyepakua albamu hiyo kwa wizi alipata nyimbo safi. Aliyeenda dukani akalipa ndiye aliyepata mdudu. Mwezi uliofuata CD hizo zikarudishwa, jimbo la Texas likashtaki, na Januari 2007 tume ya biashara ya Marekani ikafikia makubaliano na kampuni hiyo, yakiwemo kuwafidia watu hadi dola 150 kwa uharibifu wa kompyuta zao.

13. Ulaya nao hawakukaa kimya. Ufaransa ilijadili mwaka 2006 kuzilazimisha kampuni zifungue mifumo yao ili wimbo ucheze kwenye kifaa chochote. Apple walipinga vikali, na sheria iliyopita ikawa dhaifu kuliko mswada wa kwanza. Norway walienda njia nyingine. Baraza la watumiaji lililalamika Januari 2006, na mwaka mmoja baadaye mtetezi wa haki za watumiaji akasema masharti ya iTunes yanavunja sheria ya nchi. Angalia njia waliyotumia: hawakuanzia kwenye hakimiliki. Waliuliza swali la kawaida kabisa la sokoni, kwamba je, huu ni mkataba wa haki kwa mnunuzi?

14. Sasa twende kwenye kiini. Nani aliliondoa kufuli? Wengi hudhani ni huruma kwa mteja. Mimi nasoma historia hii kama pambano la madaraka. Kampuni za kurekodi zilidai kufuli ili zimdhibiti msikilizaji. Lakini ufunguo ulikuwa mkononi mwa Apple. Kadiri watu walivyonunua nyimbo zisizocheza popote isipokuwa iPod, ndivyo walivyoshindwa kuhama, na ndivyo Apple ilivyopata nguvu ya kuwaambia wenye muziki: bei ni senti 99, mkitaka msitake. Wenye muziki walijikuta wamemjengea muuza duka boma.

15. Mlolongo wa kutoka ulikuwa huu. Aprili 2007 EMI ikakubali kuuza bila kufuli kupitia iTunes, kwa dola 1.29 na sauti bora zaidi. Septemba 2007 Amazon ikafungua duka la MP3 zisizo na kufuli. Kufikia Januari 2008 kampuni zote 4 kubwa zilikuwa zimeipa Amazon kibali hicho. Apple ilisubiri hadi Januari 2009 kupata zote, na mwaka huohuo bei ya senti 99 kwa kila wimbo ikavunjwa kuwa ngazi 3: senti 69, senti 99 na dola 1.29. Kila mkubwa alitoka na kitu. Na yule aliyekuwa amenunua zamani? Alitakiwa kulipa senti 30 kwa kila wimbo ili kufuli litolewe. Alilipia wimbo, kisha akalipia uhuru wake.

16. Huyo alikuwa na bahati. Aprili 2008 Microsoft waliwaandikia wateja wa duka lao la MSN Music, ambalo lilikuwa limeshafungwa, kwamba kuanzia 31 Agosti seva za leseni zitazimwa. Maana yake: nyimbo zitacheza kwenye kompyuta ulizoidhinisha tayari, lakini ukinunua mpya au ukiweka upya mfumo wa ile ya zamani, basi tena. Watu wakapiga kelele na muda ukaongezwa hadi mwisho wa 2011. Yahoo walitangaza jambo kama hilo Julai 2008, kisha wakalazimika kuwafidia wateja. Nyimbo hazikuibwa, hazikuharibika, hazikupotea. Kampuni tu ilichoka kushika ufunguo.

17. Kenya tunaingia wapi? Tunaingia kupitia Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001. Kifungu cha 28 kinasema kutengeneza nakala moja ya rekodi kwa matumizi yako binafsi si ukiukaji, na mwenye haki afidiwe kupitia ada inayotozwa vifaa vya kurekodia vinapotengenezwa au kuingizwa nchini. Ni wazo la jamii ya yale mapatano ya Marekani ya 1992. Kisha kifungu cha 35 kinasema kukwepa kizuizi cha kiufundi kilichowekwa kulinda kazi ni ukiukaji. Hilo nalo ni wazo la jamii ya sheria ya 1998.

18. Ziweke sheria hizo mbili pamoja uone. Mkono mmoja unakupa haki ya nakala moja. Mkono wa pili unampa muuzaji uwezo wa kuifuta haki hiyo kwa kufunga kufuli tu. Na ile ada, kama inatozwa kwa kila kifaa, inalipwa hata na mtu ambaye kufuli limemnyima nakala aliyoilipia. Wanaosema "tuongeze ulinzi" wanafaa kutuambia wanaongeza upande gani.

19. Najua mtu atasema: kijana, siku hizi nani ananunua wimbo? Tunasikiliza kwa mtandao. Kweli, na ndiyo maana kelele zimeisha. Kufuli lilirudi kupitia mlango wa kukodi. Kwenye Spotify, kwa mfano, nyimbo ulizopakua za kusikiliza bila mtandao zinakutaka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Mimi sina ugomvi na hilo. Mpangaji anajua yeye ni mpangaji. Ugomvi wangu ni kitufe kilichoandikwa "nunua" wakati kinachouzwa ni ruhusa inayoweza kuondolewa. Kipengele cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na anachonunua, na kulindwa kwa masilahi yake ya kiuchumi. Neno "nunua" ni habari. Liwe la kweli.

20. Na msanii je? Maana ndiye aliyetajwa jukwaani. Mwaka 2022 Kenya ilirekebisha sheria ili mapato ya milio ya simu yamfikie msanii kwa angalau asilimia 52. Unaweza kubishana kama inatosha, au kama inafuatwa ipasavyo. Lakini ona ilivyofanya kazi: haikumfunga msikilizaji chochote. Iliingia kati ya msanii na wakubwa wanaogawana hela, ikagusa mgao. Ile miaka yote ya kufuli, mgao wa msanii haukuwa sehemu ya kufuli. FairPlay ilihesabu kompyuta zako. Haikuhesabu ni senti ngapi zilimfikia mwimbaji.

21. Basi ukimsikia mgombea yeyote, wa upande wowote, akisema "tutalinda wasanii", muulize haya matatu. Ulinzi huo unamgusa mwizi au mteja aliyelipa? Ufunguo atashika nani, na akifunga duka itakuwaje? Na mgao wa msanii utapanda kwa shilingi ngapi? Akijibu la tatu bila kuzungukazunguka, huyo msikilize hadi mwisho.

22. Uzi umeishia hapo. Mwenye hoja tofauti aje nayo, hasa wanasheria na wanamuziki walio humu. Matusi mwaachie wale wa majukwaani. Wiki ijayo: ada za vifaa vinavyoingizwa nchini, na kwa nini kila serikali huzipenda.