Mji Uliopata Jina kwa Tembo

Fungueni vitabu vyenu, mfuate maneno pole pole tunapoyasoma. Leo tutajifunza habari za kale za Dodoma, na jinsi watu na wanyama walivyogawana ardhi na maji yake.

Zamani, palipo mji leo palikaa Wagogo, watu wa kilimo na mifugo. Palikuwa na kijito kiitwacho Kikuyu, kwa sababu ya mikuyu iliyoota kando yake. Wazee husimulia kwamba siku moja tembo alikwenda kunywa maji hapo. Matope yakamshika. Akazama, asiweze kutoka. Watu waliomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya!" Maana yake, amezama. Tangu hapo mahali pale pakaitwa Idodomya, na baadaye Dodoma. Wengine husimulia kwamba waliozama ni ng'ombe, lakini habari ya tembo ndiyo inayojulikana zaidi.

Sasa jiulize, ndugu mwanafunzi: tembo yule alifuata nini? Alifuata maji. Nchi hii ni kame. Mvua hunyesha tangu Desemba hadi Aprili, kisha hupita miezi mingi pasipo hata tone. Mtu, ng'ombe na tembo wote huona kiu, na wote huenda kwenye maji yale yale. Hiyo ndiyo asili ya ugomvi wao.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita Ugogo kwenda Bagamoyo. Watemi wa Wagogo waliitoza ushuru ulioitwa hongo. Kisha Wajerumani wakajenga reli, nayo ikafika Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1973 TANU iliamua Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Mwaka 2018 mji ukawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu humo watu 410,956. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179. Palipokuwa pori, sasa pana nyumba na barabara.

Na tembo je? Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000. Majangili wakawaua wengi mno, hata mwaka 2014 walibaki kama 43,000 tu. Ulinzi ukaongezwa, nao wakaanza kuongezeka tena. Katika mkoa wa Dodoma wako katika mapori kama Swagaswaga na Mkungunero. Wakati mwingine hutoka na kuingia mashambani. Shamba la mtama likiliwa usiku mmoja, mwenyewe hupoteza chakula cha mwaka mzima. Hasira yake tunaielewa.

Lakini sikilizeni habari ya Zambia. Mwaka 2012, huko Luangwa Kusini, tembo jike na mtoto wake walikwama katika matope, kama tembo wa Kikuyu. Watu walimfunga mtoto kamba wakamvuta. Kisha wakamvuta mama kwa trekta. Wote wawili wakapona, wakarudi porini.

Basi tufanye nini sisi? Ukimwona tembo karibu na nyumba, usimrushie mawe, wala usimzunguke ili kumpiga picha. Waondoe watoto, mwachie njia. Mpe habari mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, ili aite askari wa wanyamapori. Zungushia shamba kamba iliyopakwa pilipili na oili chafu, au tundika mizinga ya nyuki, kwa maana tembo huwaogopa nyuki. Usitupe taka ovyo, kwa kuwa harufu yake huwaita fisi usiku. Mazao yakiharibiwa, toa taarifa mapema. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa.

Mji wetu una jina la mnyama aliyekuja kutafuta maji. Haifai wenye mji kuwa adui wa wajukuu wake.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Neno Idodomya maana yake nini?
2. Kwa nini watu na tembo hukutana penye maji?
3. Tembo akikwama katika matope karibu na mtaa wenu, mtamwita nani kwanza?