Daftari la Nannerl: Muziki na Mipaka ya Elimu ya Nyumbani

Wanaotetea kusomesha watoto nyumbani hupenda kumtaja Mozart. Hakukanyaga shule, wanasema, na tazama alivyokuwa. Mfano ni wa kweli, ila umekatwa nusu. Katika nyumba ile ya Salzburg mlikuwa na wanafunzi wawili chini ya mwalimu mmoja, na mkubwa wao alikuwa msichana.

Mwaka 1759 Leopold Mozart alimwandalia bintiye Maria Anna, aliyeitwa Nannerl kwao, daftari la kujifunzia kinanda. Leopold hakuwa mzazi wa kubahatisha. Miaka mitatu kabla alikuwa amechapisha kitabu cha kufundishia fidla, ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kiholanzi na Kifaransa. Kwa binti yake, hata hivyo, alikusanya vipande vifupi, vyepesi kwanza na vigumu baadaye, akifuata vidole vya mtoto anayemjua. Mdogo wake, Wolfgang, naye akaanza kudokoa humo. Baba akawa anaandika kumbukumbu pembeni ya nota. Mojawapo inaeleza kwamba kipande kile Wolfgang alikimudu kwa nusu saa, saa tatu na nusu usiku, tarehe 26 Januari 1761, siku moja kabla ya kutimiza miaka mitano.

Saa hiyo inastahili kutafakariwa. Hakuna ratiba ya shule yenye kipindi saa tatu na nusu usiku (wala siombi kiwepo). Muziki hukaa mwilini kwa kurudiarudia, na hamu ya mtoto haingoji kengele. Nyumba inaweza kuifuata hamu hiyo inapozuka. Darasa la watoto hamsini wenye kinanda kimoja haliwezi, hata mwalimu awe hodari namna gani. Kwa hili watetezi wa elimu ya nyumbani wana haki.

Lakini Nannerl naye alikuwa na muda huo huo, baba huyo huyo, na daftari lilikuwa lake. Kati ya 1763 na 1766 ndugu hao walizungushwa Ulaya wakipiga pamoja, Nannerl naye akisifiwa kwa umahiri. Huko London Wolfgang akafahamiana na mtunzi Johann Christian Bach. Kisha, Desemba 1769, baba na mwana wakaondoka kwenda Italia. Nannerl, mwenye miaka 18, akabaki nyumbani na mama. Mwaka uliofuata mdogo mtu alikuwa Bologna, akinolewa na Padre Martini katika sanaa ya kusuka sauti. Dada hakupata Martini wake.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani ni hili: mtoto huyu akitoka, anakwenda kwa nani? Mpiga fidla Hilary Hahn wa Marekani alisomea nyumbani, lakini huko Baltimore alifundishwa na Klara Berkovich, na mwaka 1990, akiwa na miaka 10, akaingia Taasisi ya Curtis, Philadelphia, mikononi mwa Jascha Brodsky, mzee wa miaka themanini na ushei. Alipokuwa na miaka 16 alikwisha kutimiza masharti ya shahada, akakaa hadi 1999 kwa kutaka kusoma zaidi, yakiwemo masomo ya lugha na fasihi.

Mzazi wa Unguja anaweza kumpeleka mwanawe chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002, akajifunze udi au kanuni. Mzazi wa Mpanda atatazama kwaya ya kanisani au dufu za madrasa, na si haba. Asiyetazama popote, akajiona anatosha peke yake, huyo ndiye wa kutiliwa shaka, hasa anapowagawia wanawe safari kwa kuangalia nani wa kiume na nani wa kike.

Mwaka 1770, akiwa Italia, Wolfgang alimwandikia dada yake akistaajabia wimbo ambao dada huyo alikuwa ametunga. Hakuna utunzi wowote wa Nannerl uliotufikia. Daftari lipo, ingawa kurasa kadhaa zimepotea. Mwanzoni limeandikwa kuwa ni mali ya Marie Anne Mozart, 1759. Ndani yake, kwa mwandiko wa baba, ziliandikwa tungo za kwanza kabisa za mdogo wake.