Kabla Ubebe Rauta Uende Kisiwani

Wiki iliyopita rafiki yangu alinitumia fomu ya kujitolea. Wiki mbili kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria, kazi ni kuweka intaneti shuleni. Tisheti unapewa, boti unalipiwa. Alijua nitaingia mbio kwa sababu mimi na kamera ni ndugu. Nilijaza jina, nikajaza namba ya simu, nikafika kwa swali la mwisho: utaiachia jamii nini?

Hapo nikakwama. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafikiria video nitakazotoa nazo, sijafikiria nitakachoacha. Basi nikafunga fomu nikaanza kusoma historia. Na wacha niwaambie, kuna hadithi hapa kwetu ambayo hatukufunzwa.

Ile tunayoijua ni ya vitu vikubwa. Mwaka 1970 Kenya ilifungua kituo cha setilaiti pale Longonot, na kwa miaka mingi mawasiliano yetu na nchi za nje yalitegemea setilaiti. Katikati ya miaka ya 1990 intaneti ikaanza kuuzwa Nairobi, polepole na kwa bei ya kutisha. Halafu 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa: TEAMS kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu, na SEACOM. Kutoka hapo ni sisi hawa, watoto wa bando, tunaolalamika video ikikwama sekunde tano.

Lakini waya huishia pale pesa inaishia. Kampuni ikitaka kusimamisha mnara kisiwani, simiti inavuka kwa boti, vyuma vinavuka kwa boti, fundi naye vilevile. Ukimaliza, wateja ni wachache na mifuko yao ni myepesi. Si lazima kuwe na mtu mbaya hapo. Ni hesabu tu, na hesabu hiyo kisiwa hushindwa kila mara. Ndiyo maana kwenye visiwa utakuta watu wa kujitolea.

Chukua Mfangano, Kaunti ya Homa Bay. Ukiwa Mbita unaiona ng'ambo ya maji, mlima umesimama ziwani. Ni nyumbani kwa Abasuba, watu wenye lugha yao ya Kibantu ambayo imekuwa ikimezwa na Kijaluo kizazi baada ya kizazi. Kwenye miamba yake kuna michoro iliyochorwa na watu walioishi hapo kabla yao. Maisha ni samaki, mashamba na boti.

Na kulikuwa na shida moja kubwa kuliko netiwaki. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha maambukizi ya HIV kwa watu wazima Homa Bay yalikuwa asilimia 19.6, wakati Kenya nzima ilikuwa 4.9. Kwenye fuo za ziwa kuna mpaka jina la mojawapo ya chanzo chake, jaboya: mama anayeuza samaki analazimika kulala na mvuvi ndiyo apate mzigo. Kupima ilikuwa aibu. Kisiwani kila mtu anamjua kila mtu, kwa hivyo ukionekana kwenye mlango wa kliniki, jioni habari imefika kwenu kabla yako.

Miaka ya mwisho ya 2000, wakazi wa Mfangano walishirikiana na mwanafunzi Mmarekani aliyekuwa amekuja kufanya utafiti, wakaanzisha kituo kinachoitwa Ekialo Kiona. Kwa Kisuba hiyo ni "dunia nzima". Waliweka kompyuta, wakaweka intaneti, umeme ukatoka kwa jua. Kutumia ilikuwa bure, ila kwa sharti moja: upime HIV kila miezi sita. Uwe nayo, usiwe nayo, kompyuta ni yako kama ya mwenzako.

Nikisoma hapo mara ya kwanza nilikasirika. Nikasema, yaani mnauzia maskini intaneti kwa damu yake? Mtoto wa Westlands anaingia mtandaoni bila kuulizwa swali, wa Mfangano mpaka adungwe kidole? Bado naona hilo swali lina uzito, na sitaki kulipitia juu juu.

Lakini fikiria ule mlango. Kama kila kijana anayetaka kutuma barua pepe anapita palepale, nani atajua umeenda kwa nini? Aibu inakosa mahali pa kushika. Kilichokuwa siri ya mgonjwa kinakuwa kadi ya uanachama. Hilo wazo huwezi kulipata ukiwa Nairobi na rauta kwenye begi. Linapatikana na mtu anayejua umbea wa kisiwa unavyotembea. Intaneti hapo haikuwa zawadi kutoka nje. Ilikuwa chombo cha kutatua shida ambayo watu wenyewe waliitaja.

Halafu wakaongeza redio. EK-FM ilirusha matangazo kutoka mlimani kwa nguvu ya jua na upepo, na sauti zikasikika kwa Kisuba. Lugha ambayo watoto walikuwa wanaisikia kwa nyanya tu, sasa iko hewani. Hakuna kampuni ingekaa chini na kuona biashara hapo.

Sasa linganisha na hii. Julai 2020, kampuni ya Loon, ya Alphabet wenye Google, ilianza kutoa intaneti Kenya kwa kutumia maputo ikishirikiana na Telkom. Maputo kama 35 yakielea angani kilomita 20 juu, yakihudumia karibu kilomita za mraba 50,000 za magharibi na kati ya nchi. Sote tulishangilia. Mimi mwenyewe nilitoka nje nikaangalia juu kama mjinga. Januari 2021 wakatangaza wanafunga. Haikulipa. Hakuna mwanakijiji aliyeulizwa wakati inakuja, na hakuna aliyeulizwa wakati inaondoka.

Siwalaumu wahandisi, kazi yao ilikuwa ya ajabu. Nasema tu kwamba puto halina mwenyewe huku chini. Likienda, limeenda.

Jirani wa Mfangano ni Rusinga, kwao Tom Mboya. Miaka ya 1980 kisiwa hicho kiliunganishwa na Mbita kwa barabara ya kujaza mawe na udongo ndani ya ziwa. Magari yakavuka, lakini maji yakazuiwa kupita. Upande mmoja yakatuama, uchafu ukakaa, wavuvi wakalia. Ilichukua miongo ndiyo pajengwe daraja linaloruhusu maji kupita chini yake. Kisiwa kiliunganishwa kweli, ila na mtu ambaye hakuuliza maji yanaenda wapi.

Ndiyo maana siku hizi nawaamini zaidi watu kama vijana wa TunapandaNET pale Kibera, wanaoendesha mtandao wao na kuunganisha shule na vituo vya vijana vya mtaa wao. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao inayomilikiwa na jamii yenyewe. Maana yake, kikundi cha kisiwani sasa kina njia ya kisheria ya kuwa mwenye mtandao, si mteja wala mpokeaji misaada tu.

Kwa hivyo nimerudi kwa ile fomu. Sijakataa. Lakini kabla ya kujibu swali lao nimewatumia yangu matatu. Nani kisiwani aliomba hii intaneti, na alitaka kufanyia nini? Bili ya mwezi wa saba italipwa na nani? Na rauta ikiungua siku mbili baada ya sisi kuondoka, nani hapo anajua kuitengeneza?

Wakinipa majina, naenda, hata bila tisheti. Nitabeba koleo na waya, nikae nyuma ya huyo fundi wa pale nimshikie ngazi. Wakikosa majina, basi wanachotaka ni picha, na picha za kisiwa kizuri ziko tayari nyingi sana.

Wewe ukitumiwa hiyo fomu kesho, utauliza nini kwanza?