Kijiji Kilichong'oa Kibao Chake: Safari ya Kisu na Jibini, Laguiole Hadi Thiers

Septemba 2012 meya wa kijiji cha Laguiole, kusini-kati mwa Ufaransa, alikwenda na wananchi wake hadi mwanzo wa kijiji wakang'oa kibao cha barabarani chenye jina la mahali pao. Mchana kweupe, mbele ya waandishi wa habari. Ujumbe ulieleweka: kama jina siyo letu tena, kibao cha nini?

Laguiole (wenyeji hutamka kama "Layoli") iko kwenye uwanda wa Aubrac, mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Wakazi wake ni kama 1,200 tu. Wageni wanaopanda huko na magari yao kila kiangazi hufuata vitu viwili: kisu na chakula. Na vyote viwili vina historia yenye vituko kuliko ile inayosimuliwa madukani.

Tuanze na kisu. Ni kisu cha kukunja, chembamba, chenye mpini wa pembe au mbao na kimdudu kama nyuki mgongoni. Pierre-Jean Calmels anatajwa kuwa ndiye aliyekibuni mwaka 1829. Kilikuwa kisu cha mchungaji, ndiyo maana baadaye kiliwekewa sindano nene ya kutobolea tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa gesi. Halafu vijana wa Aubrac wakaanza kuhamia Paris kutafuta riziki. Waliuza makaa, walibeba maji, mwisho wakafungua mikahawa. Karibu 1880 kisu kikaongezewa kizibuo cha chupa za mvinyo. Yaani kitu kinachouzwa leo kama roho ya mashambani, nusu ya umbo lake kimelipata kwa sababu ya mjini.

Chakula nacho ni hivyo hivyo. Utapewa aligot: viazi vilivyopondwa, jibini changa, siagi, krimu na kitunguu saumu, vikikorogwa mpaka vinavutika kama ulimbo. Utasimuliwa pia kwamba watawa wa Aubrac waliwalisha chakula hiki mahujaji wa Zama za Kati waliokuwa wakielekea Santiago de Compostela. Sasa hapo lazima mtu ajiulize, viazi walivitoa wapi? Viazi vimetoka Amerika, havikuwepo Ulaya enzi hizo. Watawa walitumia mkate. Viazi vilikuja kuchukua nafasi yake karne nyingi baadaye. Mimi binafsi jambo hilo halinipunguzii hamu ya kula. Linaniongezea.

Jibini la Laguiole lilipata ulinzi wa kisheria mwaka 1961. Kwa Ufaransa hilo halikuwa geni, maana Roquefort, jibini la mkoa huo huo wa Aveyron, lililindwa tangu 1925. Asiyetengeneza jibini pale, kwa namna ya pale, haruhusiwi kuliita kwa jina hilo. Lakini kisu? Hakuna. Sheria ilimjali mwenye ng'ombe na mwenye mizabibu, mhunzi ikamsahau. Mahakama zikaona "laguiole" limeshakuwa jina la aina ya kisu, basi yeyote akawa huru kulitumia, hata kiwanda cha Asia. Mwaka 1993 mfanyabiashara mmoja asiye wa kijijini akalisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara kwa bidhaa chungu nzima zisizohusiana na ng'ombe wala uhunzi. Ndipo tunarudi kwenye kile kibao.

Msomaji wa pwani yetu haitaji kufafanuliwa sana. Miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kule kwao, na wauzaji wa vikoi kutoka Kenya wakalazimika kulipinga ombi hilo. Halikufaulu, lakini wengine wetu hatujasahau.

Ukitoka Laguiole kwenda kaskazini utapita Clermont-Ferrand, mji wa matairi ya Michelin. Mwaka 1900 kampuni hiyo ilichapa kitabu cha mwongozo kwa wenye magari, nakala karibu 35,000 za bure, wakati Ufaransa nzima ilikuwa na magari yasiyofika hata 3,000. Lengo halikuwa upishi. Ukisafiri sana, tairi linaisha. Nyota za mikahawa zilikuja 1926, na taratibu watu wakaanza kuvuka nchi kwa ajili ya sahani moja. Laguiole yenyewe ilikuja kufaidi: mkahawa wa familia ya Bras ulipata nyota tatu mwaka 1999. Mwaka 2017 Sébastien Bras akaomba zifutwe, kwa kuwa alichoka kupika akiwa na hofu ya mkaguzi. Hapo nilimwelewa kuliko mpishi yeyote niliyewahi kusoma habari zake.

Safari inaishia Thiers, takriban kilomita 200 kutoka Laguiole. Mji huu umetengeneza visu tangu Zama za Kati, na George Sand, aliyepita huko 1859, aliutumia kuwa kielelezo cha riwaya yake *La Ville noire*. Chini kando ya mto Durolle wanoaji walilala kifudifudi juu ya ubao, uso ukielekea jiwe linalozungushwa na maji, mbwa amelazwa miguuni ili wasigande kwa baridi. Vumbi la jiwe liliwapaka hadi wakaitwa "matumbo ya njano". Mnoaji wa mwisho wa bonde hilo aliacha kazi 1976.

Na hapa ndipo kesi inapokuwa ngumu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, visu vya Laguiole vilitengenezwa hapa Thiers. Kijijini uhunzi ulikuwa karibu umekufa mpaka 1987, kilipofunguliwa kiwanda kilichochorwa na Philippe Starck, chenye ubavu wa kisu uliochomoza juu ya paa. Sheria ya 2014 iliwapa mafundi ulinzi wa jina la mahali, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya Paris ikafuta alama za biashara zilizobishaniwa. Kijiji kilishangilia. Ila mafundi wa Thiers wakauliza, na sisi je? Babu zao walikinoa kisu hicho wakiwa wamelala juu ya maji ya barafu, miaka ambayo Laguiole kwenyewe karibu hakuna aliyekuwa akikitengeneza.