Ras Hafun
Ras Hafun, rasi ya jangwa nchini Somalia, ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika. Wataalamu wengi huitambua kuwa ndiyo Opone, bandari inayotajwa katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK. Mwongozo huo unataja mdalasini, magamba ya kasa na watumwa waliopelekwa hasa Misri. Mwaka 1975 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Ras Hafun. Vigae vilivyopatikana vilitoka Misri, eneo la Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kulingana na Periplus, kusini ya Opone ulianza mwambao wa Azania, uliofika hadi bandari ya Rhapta.