Chandarua cha Kilifi, Jina la Oxford

Mwaka 1989, msafiri aliyetoka Mombasa kwenda Malindi bado alipanga foleni ya feri pale Mnarani. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991. Ng'ambo ya maji, katika hospitali ya wilaya, kikundi kidogo cha watafiti kilikuwa kimeanza kazi. Kevin Marsh, daktari Mwingereza, alitoka Chuo Kikuu cha Oxford. Dkt. Norbert Peshu aliongoza upande wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba iliyoundwa 1979. Fedha zilitoka kwa Wellcome Trust ya London.

Leo Oxford ikijivunia utafiti wake wa malaria ya watoto, mengi inayojivunia yalipatikana katika wodi hiyo na katika vijiji vya Wagiriama, Wachonyi na Wakauma vinavyoizunguka.

Swali la mwanzo lilikuwa la muuguzi wa zamu ya usiku zaidi kuliko la profesa: kati ya watoto hawa wote wenye homa, yupi yuko hatarini kufa? Marsh na wenzake waliwafuatilia watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria, na mwaka 1995 wakachapisha jibu lao. Zaidi ya asilimia 80 ya waliofariki walikuwa na angalau dalili moja kati ya mbili: fahamu zimepungua, au mtoto anahema kwa shida. Dalili hizo hazihitaji hadubini, macho yanatosha. Akina mama wa huko walizijua kitambo. Mtoto akikakamaa na kutetemeka walisema ni nyuni, yaani degedege, na mara nyingi mganga alikuwa jirani kuliko hospitali.

Kisha kikaja chandarua. Vyandarua vilikuwapo pwani tangu zamani. Jipya lilikuwa kuvichovya katika dawa ya pamethrini. Jamii 56 ziligawanywa kwa kura, nusu zikapewa vyandarua 1993 na nusu zikasubiri. Matokeo yalitoka 1996. Vifo vya watoto vilikuwa vimepungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Pamoja na majaribio ya Gambia, Ghana na Burkina Faso, kazi hiyo ya Kilifi iliwanyima hoja waliokuwa wakisema kitambaa chenye dawa hakiwezi kuokoa roho.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni iliyofuata. Wahudumu walipopita nyumba kwa nyumba kuchovya vyandarua upya bila malipo, karibu kila mtu alishiriki. Watu walipoambiwa wavipeleke wenyewe kituoni, na baadaye walipie, idadi iliporomoka. Dunia ilichukua miaka mingine kumi kulikubali somo hilo: Kenya iligawa mamilioni ya vyandarua bure 2006, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza vitolewe bila malipo.

Kufikia Machi 2007 watoto waliolazwa kwa malaria Kilifi walikuwa wamepungua kwa asilimia 63 kulinganisha na 1999. Malindi, mwendo mfupi tu kaskazini, kwa asilimia 28. Ajabu ni kwamba upungufu huo ulianza kabla vyandarua havijaenea, na watafiti waliandika hivyo bila kujipigia debe.

Jambo lililowasumbua wanakijiji zaidi lilikuwa damu. Magari ya mradi yaliingia kijijini, vijana wenye makaratasi wakauliza nani kazaliwa na nani kafa, mtoto akachomwa sindano na damu ikaondoka. Inakwenda wapi? Uvumi ulisema inauzwa, wengine wakataja ibada ya shetani. Kuucheka ni rahisi kwa asiyewahi kutolewa damu na mgeni ambaye hakurudi kueleza alichokiona ndani yake. Tangu 2000 eneo la kilomita za mraba 891, lenye watu zaidi ya 260,000, limekuwa likihesabiwa boma kwa boma mara kadhaa kwa mwaka. Mradi ulilazimika kujifunza kuongea: mabaraza, ziara za shule, na wawakilishi waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe kuleta maswali na malalamiko.

Jaribio lililoitikisa zaidi taaluma ya tiba halikuongozwa na Oxford. Kathryn Maitland wa Imperial College, aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, alitaka kujua kama kumtilia maji mengi ya mshipa kwa haraka mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri kunamsaidia, kama vitabu vilivyofundisha. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania walishiriki. Matokeo ya 2011 yalikuwa kinyume cha matarajio: ndani ya saa 48 walikufa asilimia 7.3 ya waliopewa maji taratibu, na zaidi ya asilimia 10 ya waliotiliwa kwa kasi.

Lilibaki suala la nani anaandikwa jina lake. Madaktari sita Wakenya wa mradi huo walienda mahakamani wakidai walibaguliwa na wenzao wa kigeni wakapendelewa katika vyeo na fursa. Mwaka 2014 mahakama ya kazi iliwapa shilingi milioni 5 kila mmoja. Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na 2020 Mahakama ya Juu ikakataa kuirejesha. Mwaka huohuo wa 2014 Faith Osier, mtafiti Mkenya wa kinga ya malaria aliyefanya kazi Kilifi, alipata tuzo ya Royal Society ya London kwa wanasayansi wa Afrika.

Chanjo ya malaria ya R21 ilibuniwa Oxford na inatengenezwa India, lakini ilithibitishwa kwa watoto wa Kilifi, Bagamoyo, Mali na Burkina Faso kabla ya kupendekezwa kwa matumizi Oktoba 2023. Iliyoitangulia, RTS,S, ilijaribiwa Kilifi na Korogwe, na matokeo ya 2008 yalionyesha ilipunguza malaria kwa asilimia 53. Kenya ilipoanza kuitoa kwa umma Septemba 2019, ilianzia kaunti za magharibi karibu na Ziwa Victoria, ambako ugonjwa ulikuwa umekithiri. Kilifi haikuwa kwenye orodha.