Kabla ya kununua monita, msikilize babu: historia fupi ya kuona fokasi

Msomaji, nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda kwetu Mbulu kumrekodi babu akitoa slufay, ile dua ndefu ya wazee wa Kiiraqw ambayo mmoja huongoza na wengine huitikia. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilikuwa safi. Nilipofungua kwenye kompyuta, nyasi za nyuma yake unaweza kuzihesabu, lakini uso wake ni ukungu mtupu. Babu ameshatutoka. Sauti tunayo, uso hatuna.

Na Mbulu na Hanang si mahali pa kupoteza picha hovyo. Hapa Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatooga cha Wabarabaig ni Kiniloti, majirani wa upande wa Singida wanasema lugha za Kibantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha yenye vidoko isiyo na ndugu anayejulikana. Kwa anayechunguza lugha hizi, midomo inavyocheza nayo ni data.

Sasa, watu walionaje fokasi zamani? Tangu enzi za Daguerre, mwaka 1839, mpiga picha alitazama taswira iliyogeuka juu chini kwenye kioo chenye ukungu nyuma ya kamera. Baadaye wapiga picha walizoea kujifunika kitambaa cheusi. Kitambaa hicho hakikuwa pambo: kilizuia mwanga wa nje usifute taswira. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Mwaka 1937 ikaja Arriflex 35, kamera ya sinema yenye kioo kinachozunguka mbele ya filamu, hivyo mpiga picha akaona kupitia lenzi ileile inayopiga. Mwaka 1960 Jerry Lewis, akiongoza na kuigiza filamu yake, alitumia kamera ya televisheni kando ya kamera ya sinema ili ajione. Ndiyo monita ya mwanzo mwanzo, lakini ilisaidia kupanga picha tu. Fokasi ilipimwa kwa futi kamba. James Woodburn na Sean Hudson walipotoa filamu yao kuhusu Wahadzabe mwaka 1966, zama zilikuwa bado ni zile za kupiga leo na kujua matokeo filamu ikishasafishwa. Umekosea? Pole.

Sisi tuna bahati ya kuona papo hapo. Ila kuona si kuona sawasawa. Ukitaka kuchagua monita, jiulize mambo matatu.

La kwanza, jua. Jua la mchana hutoa takriban laksi 100,000. Shati jeupe chini ya jua hilo hung'aa kwa niti 30,000 hivi. Kioo kikirudisha asilimia 4 tu ya mng'ao wa shati lako, hizo ni niti kama 1,200 juu ya picha yako. Monita ya niti 300 itazama kabisa. Kwa hiyo tafuta ya niti 1,000 au zaidi, na bado uikinge na kivuli. Kitambaa cheusi kimerudi, unaona?

La pili, macho yako. Jicho zuri hutofautisha nyuzi 1/60 hivi. Monita ya inchi 7 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli za milimita 0.08, ukiitazama kutoka mbali zaidi ya sentimita 28, huwezi tena kuzitenganisha. Tena ukirekodi 4K, kila pikseli ya monita inabeba nne za kamera. Ukungu mdogo unajificha humo. Ndiyo maana kitufe cha kukuza picha kina thamani kuliko namba kubwa kwenye boksi.

La tatu, rangi zinazowaka kwenye kingo. Monita hulinganisha pikseli na jirani yake. Tofauti ikiwa kubwa, inapaka rangi. Haijui uso ni nini. Nyasi kavu za tambarare za Hanang zina kingo maelfu, na shanga kwenye vazi la ngozi la mama wa Kibarabaig vilevile. Uso laini kivulini una chache. Zitawaka nyasi, nawe utadhani umepatia. Mimi ndivyo nilivyonaswa.

Na nafasi ya kukosea ni finyu: lenzi ya milimita 85 ikifunguliwa f/1.8, kwenye kamera ya fremu kamili, mtu akiwa mita 3, kinachoonekana safi ni sentimita 13 tu. Mzee akiinama kidogo kuitikia, ameshatoka.

Kwa hiyo: funga lenzi hadi f/4 au f/5.6, kuza picha kwenye jicho la mzee, weka fokasi, kisha rudia kila anapobadilisha mkao. Huna hela ya monita? Kanga nyeusi kichwani na kitufe cha kukuza vitakufikisha mbali.

Ungeniuliza siku ile, ningesema sina muda. Dakika moja tu ingetosha.